Msitu hauchorwi kwa kukopi picha ya simu

Ndugu Mhariri,

Nimeisoma ile makala yenu ya sanaa iliyosema kijana anayetaka kujifunza kuchora mandhari ashushe picha nzuri mtandaoni, aiweke kwenye skrini aanze kukopi. Mimi nakataa, yani nakataa kabisa, hasa kama mandhari yenyewe ni msitu na unachorea wino.

Mimi mtu wa Tanga, nikipata nafasi napanda Amani, ule msitu wa juu ya Muheza uliofanywa hifadhi mwaka 1997. Barabara inapanda kona kona kutoka Zigi, unaacha joto unaingia kwenye ukungu, huku msitu huku chai. Ukipiga picha mle ndani kwa simu unapata kijani juu ya kijani, mti wa mbele na wa nyuma vimegandana, sasa kopi hiyo kwa wino mweusi uone kama hujapata doa. Ila ukitembea, ukalizunguka shina, ukashika gome, unajua kipi kiko mbele na kipi nyuma, na wino unataka hicho hicho maana hauna rangi ya kukuokoa, una mstari na weupe wa karatasi basi. Shina nalichora kwa mistari ya kwenda juu, ile mizizi mipana iliyosimama kama kuta naigeuzia mistari upande mwingine, majani ya mbali nukta nukta tu, ukungu siugusi naacha karatasi ilivyo.

Unyevu wa kule nao una kesi yake, karatasi inanyonya, wino wa chupa unasambaa na mstari unanenepa, kwahiyo msituni nachora fasta kwa bolpen au penseli, wino napiga nyumbani.

Halafu kuna mti wataalamu wanauita Maesopsis eminii, kwao ni upande wa Ziwa Victoria, Amani ulipandwa tu na sasa unajiotea wenyewe hadi ndani ya msitu. Mimi nimeanza kuutambua kwa kuchora, unakuta mkono wako unarudia mistari ile ile iliyonyooka, wakati penye miti ya zamani hakuna shina linalofanana na jirani yake. Picha ya kushusha ingekufundisha hilo saa ngapi?

Wengine watasema vifaa ghali. Nibu, zile ncha za chuma za kalamu ya kuchovya wino, kweli ni shida kuzipata, ila mwanzi upo, chonga ncha, pasua kidogo katikati, kalamu hiyo. Wazee wa pwani wameandika misahafu kwa mkono kwa kalamu za namna hiyo, Siyu kule kisiwa cha Pate, Lamu, ilisifika kwa kazi hiyo, na wino mweusi wa zamani ni masizi na gundi tu, kwahiyo asitokee mtu kuniambia hii sanaa ya Wazungu.

Michoro ya Tingatinga naipenda sana, msinielewe vibaya, lakini kwenye maduka ya watalii ni twiga, mbuyu na jua linazama, msitu wa mlimani huuoni. Hata lile ua dogo la zambarau linalouzwa kwenye vyungu huko Ulaya, ambalo mwaka 1893 lilipewa jina Saintpaulia kwa heshima ya ofisa mmoja Mjerumani wa Tanga, linaota kwenye miamba yetu hapa na sijawahi kuliona limechorwa ukutani hata kwenye hoteli moja mjini.

Sasa ombi. Makala yenu ya misitu majuzi iliwekewa picha ya misonobari yenye theluji, jamani! Mchoro wa wino unatoka safi kwenye karatasi ya gazeti kuliko hizo picha za rangi zinazotoka tope. Tupeni nafasi Jumapili, hata kisanduku saizi ya chemsha bongo, mchoro mmoja kwa wiki, sharti liwe moja tu, mchoraji aandike alipita wapi kwa miguu. Mkikubali wa kwanza natuma mimi, hela sidai.

Msomaji wenu,
Tanga