Siri za mgonjwa huvujia kaunta

Mhariri,

Siri za wagonjwa zikivuja hospitalini, lawama humwangukia mdukuzi, ilhali mara nyingi mdukuzi hajafika hata langoni. Tazama kaunta ya mapokezi: rejista iko wazi, jina, umri, nambari ya simu na ugonjwa vimepangwa katika mstari mmoja, na anayesubiri kulipa ameegemeza kiwiko juu yake. Kompyuta ya maabara nayo ina neno la siri moja kwa zamu zote, limebandikwa kwenye skrini. Faili ikifunguliwa usiku na asiyehusika, mfumo utaandika tu kwamba aliyeingia ni “maabara”. Sasa aulizwe nani? Kila mfanyakazi apewe akaunti yake, na anayeacha kazi afungiwe siku hiyo hiyo.

WhatsApp ndiyo balaa zaidi. Muuguzi hupiga picha matokeo na kuyatupa kwenye kundi ili daktari aliye nje ayaone upesi. Nia ni njema, lakini picha hukaa ndani ya simu ya kila mwanakundi, hata aliyehamia hospitali nyingine. Kufuta jina hakusaidii sana. Nambari ya faili, wodi na tarehe vyatosha kumtambulisha mtu katika mji mdogo. Ikiwa hakuna njia nyingine, daktari aandikiwe peke yake: umri, dalili, kipimo, basi.

Kliniki ndogo hudhani Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 haiwahusu. Kweli, kanuni za 2021 zinasamehe usajili kwa biashara yenye mapato chini ya Sh5 milioni na wafanyakazi chini ya 10, ila watoa huduma za afya hawamo katika msamaha huo. Hata zahanati ya vyumba viwili sharti ijisajili kwa Kamishna wa Data, na cheti hudumu miezi 24 tu. Data ikivuja kwa namna inayoweza kumdhuru mgonjwa, Kamishna aarifiwe ndani ya saa 72. Kampuni inayoendesha programu kwa niaba ya hospitali ina saa 48 kuiambia hospitali. Mikataba mingi hapa ni mitupu: imejaa bei na matengenezo, haisemi data inakaa wapi wala itarudishwaje mkataba ukivunjika.

Serikali nayo iliwahi kuteleza. Februari 2015 Rais Uhuru Kenyatta aliagiza zikusanywe taarifa za watoto wa shule wanaoishi na virusi vya Ukimwi. Desemba 2016 Mahakama Kuu iliamua agizo hilo lilikiuka Katiba, ambayo kifungu chake cha 31 kinalinda faragha. Kosa lilikuwa fomu iliyounganisha jina la mtu na hali yake, wakati kupanga dawa kulihitaji idadi tu.

Mgonjwa anayetaka kujua kilichoandikwa juu yake aombe nakala kwa maandishi. Hospitali ina siku saba kumpa, bila malipo. Kosa lililomo lirekebishwe ndani ya siku 14. Asipojibiwa, alalamike kwa Kamishna, ambaye hutakiwa kuamua ndani ya siku 90. Barua iwe na nakala mbili, na yake igongwe muhuri wenye tarehe pale mapokezi, maana bila muhuri hospitali itasema barua ililetwa jana.

Afisa wa rekodi za matibabu,
Mombasa