Hati safi si cheti cha uadilifu

Ndugu Mhariri,

Kila Aprili, ripoti ya Mdhibiti na Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) inapotua bungeni, magazeti, hili likiwamo, huhesabu halmashauri zilizopata hati safi. Msomaji huamini kwamba huko hakuna wizi. Imani hiyo inawakinga wasiostahili.

Hati safi inasema tu kwamba hesabu zilizofungwa Juni 30 zimeandaliwa kwa viwango na hazina dosari kubwa ya kumpotosha anayezisoma. Chukua mkusanya ushuru sokoni. Anaiondoa mashine ya POS, ile ya kukusanyia mapato, kwenye mtandao, anatoa risiti kutwa nzima, fedha anabaki nazo. Akigundulika, mhasibu anamwandika kuwa mdaiwa wa halmashauri. Deni limeonyeshwa, vitabu vimekaa sawa, hati ni safi. Fedha hazipo.

Wizi huo unaonekana kurasa za ndani za ripoti hiyo ya CAG. Kwenye sura ya mapato, linganisheni kilichokusanywa kwa POS na kilichofika benki. Tazameni masurufu, yaani fedha walizokabidhiwa watumishi kwa safari au kazi, ambayo hayajarejeshwa, na malipo yasiyo na nyaraka za kuyathibitisha. Kisha someni utekelezaji wa mapendekezo ya miaka ya nyuma, na hapa ndipo panaponiuma zaidi: hoja ileile ya ukaguzi, halmashauri ileile, bado haijatekelezwa. Hoja ikijirudia miaka mitatu siwezi tena kuiita uzembe wa karani.

Kipimo cha rushwa cha shirika la Transparency International hakizibi pengo hili. Alama 41 kati ya 100 walizoipa Tanzania mwaka 2024 zinatokana na mitazamo ya wataalamu na wafanyabiashara. Zinafaa kulinganisha nchi na nchi. Hazimwambii muuza nyanya ushuru wake umekwenda wapi.

Ninaomba Aprili ijayo, kando ya hati ya kila halmashauri, mchapishe takwimu tatu: makusanyo yasiyofika benki, masurufu yasiyorejeshwa, na mapendekezo yasiyotekelezwa. Sehemu kubwa imo kwenye viambatisho vya ripoti, ambavyo huzitaja halmashauri kwa majina. Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali za Mitaa (LAAC) huwahoji wakurugenzi kwa hoja hizohizo. Mwananchi naye anaweza kuingia kikao cha baraza la madiwani, maana ni cha wazi, akiwa na ukurasa huo mkononi, na kumwuliza diwani wake baada ya kikao: mdaiwa huyu amelipa?

Mkaguzi wa hesabu,
Dodoma