Mtoto anasoma kitu kimoja mara mbili, mzazi analipa mara mbili

Mhariri, salaam na pole na majukumu. Mi nina steshenari ndogo huku Nyegezi, natoa fotokopi, naprinti, nabaindi, na wateja wangu wengi ni wanachuo wanaoshuka kutoka Malimbe pamoja na madogo wa sekondari, sasa ukikaa kwenye mashine muda mrefu unajikuta unasoma hata kama hukupanga kusoma. Na hicho ninachosoma ndicho kimenifanya niandike.

Notsi za mawasiliano za mwaka wa kwanza chuo na notsi za advansi, yaani fomu faivu na siksi, ni ndugu wa tumbo moja. Kuna ule mchoro, mtuma ujumbe upande huu, mpokeaji upande ule, mishale inaenda na kurudi, chini yake orodha ya vikwazo vya mawasiliano, kelele, lugha, umbali, sijui nini. Mchoro huohuo namtolea dogo wa fomu faivu mwenye tai shingoni, maana mtaala mpya umewaletea somo la mawasiliano ya kitaaluma, halafu namtolea mwanachuo mwenye kitambulisho kinaning'inia kifuani, tofauti ni jina la mwalimu pale juu tu. DS nayo, lile somo la maendeleo la chuo, waliopita wanajua naongelea nini, maana ya maendeleo, nadharia ya utegemezi, ukoloni mamboleo, utandawazi, aliyesoma GS, lile somo la maarifa ya jumla la advansi, pamoja na historia vizuri akiifungua anaona karudi darasani kwake. Watu wa uchumi na biashara mwaka wa kwanza wanaanzishwa na matriksi na kutafuta deriveti, kitu ambacho aliyetoka EGM, kombi ya uchumi, jiografia na hesabu, ameshakitolea jasho miaka miwili, na hata aliyepita na BAM, ile hesabu ya msingi ya advansi, amekigusa.

Sasa naomba kuuliza bila kumvunjia mtu heshima, alichokifaulu mara moja kwanini kisihesabiwe?

Marekani hili wameshalifanya siku nyingi. Wana mitihani inaitwa AP (Advanced Placement), ipo tangu miaka ya 1950, mwanafunzi wa sekondari anasoma somo kwa kiwango cha chuo akiwa palepale shuleni kwake, ikifika Mei anafanya mtihani na anapewa alama kuanzia 1 mpaka 5, akipata 3 vyuo vingi vinamhesabia krediti, yaani vipimo vya masomo vinavyojumlishwa mpaka digrii itimie, vile vyenye majina makubwa vinataka 4 au 5. Halafu kuna njia ya pili ambayo mi ndio naipenda zaidi, mtoto anasajiliwa chuo kabisa huku bado yuko sekondari, anasoma somo moja au mawili kwenye chuo cha jirani na somo lile linahesabika pande zote mbili, shuleni na chuoni. Jimbo la Minnesota lilipitisha sheria ya hivyo mwaka 1985, mengine yakafuata kwa mitindo yao. Wapo wanaoingia chuo wakiwa na mwaka mzima mkononi. Sisemi kwamba kule mambo ni mteremko, krediti ambayo chuo hiki kinaikubali kingine kinaikataa mtoto anabaki anazunguka na karatasi zake, na akivurunda lile somo la chuo alama mbaya inamfuata kwenye rekodi akiwa bado ni mtoto wa miaka 16 au 17. Mtihani mmoja wa AP nao unakaribia dola 100 kwahiyo maskini wa kule wanalia pia mpaka wapate punguzo.

Nilipomwambia haya mwalimu mmoja wa advansi ambaye huwa anakuja kuprinti kwangu alicheka sana. Akaniambia, "Kaka, sisi hizo krediti tulishawapa zamani, fomu faivu na siksi ndio krediti zenyewe." Akanichambulia vizuri mpaka nikakosa pa kushika. Kenya walipoingia kwenye 8-4-4 mwaka 1985 walifuta advansi, matokeo yake digrii ya kawaida kule ikawa miaka minne, sisi na Uganda tuliobaki na fomu faivu na siksi tukabaki na digrii nyingi za miaka mitatu, kwahiyo mwaka mmoja wa chuo umeshahamia sekondari. Akaongeza kwamba hata hukohuko Marekani vyuo vingi vinampa krediti mtu anayekuja na A-level za Cambridge. Yaani kile ambacho kule kinaitwa kiwango cha chuo, hapa dogo wa shule ya Bwiru anakifanya akiwa na kaptula. Mwanawane, hapo alinibana kweli.

Lakini nami nikamrudishia, sawa mwalimu, kama mwaka umeshahamia sekondari, mbona ule mchoro wa mishale bado nautoa chuoni? Jibu lake ndilo naona ni kiini cha jambo lenyewe. Kwenye darasa la mwaka wa kwanza wamekaa watu wa aina mbili, waliotoka fomu siksi na waliotoka diploma, na wa diploma wengine hawakupita huko advansi kabisa, wamepita vyuo vyao na wanajua mambo mengine ambayo wa fomu siksi hayajui. Mhadhiri ana watu mia kadhaa kwenye ukumbi, hana namna, anaanzia sifuri ili asimwache mtu. Simlaumu. Ninachosema ni kwamba wiki ya kwanza chuo kingeweza kutoa mtihani wa kupima, anayejua aende mbele ahesabiwe, asiyejua akae afundishwe, na huyu wa diploma naye kwenye lile somo lake alilobobea apimwe vilevile. Mbona mtu mzima wa kuanzia miaka 25 ambaye hakupitia njia ya kawaida anapimwa alichojifunza kazini na TCU, tume ya vyuo vikuu, wanamtambua ili aombe chuo? Ina maana alichojifunza fundi gereji kinapimika ila alichojifunza mtoto wa fomu siksi hakipimiki.

Sasa njoo kwenye hela, maana hapo ndipo mambo mengi mazuri yanapofia. Kwa utaratibu wa TCU digrii ya miaka mitatu haipungui krediti 360 na krediti moja ni masaa 10 ya kujifunza, ukiweka yote, darasani, kujisomea, kazi za kikundi na mitihani. Somo la krediti 10 ni masaa 100 ya maisha ya mtu. (Marekani utasikia digrii ni krediti 120, msichanganye, wao wanahesabu kwa kipimo kingine.) Tatizo ni kwamba vyuo vyetu vingi vinatoza ada ya mwaka, sio ada ya somo. Kijana akisamehewa masomo mawili mwaka wa kwanza bado mzazi analipa ileile, chumba kilekile, michango ileile, na mkopo wa HESLB, ile bodi ya mikopo, nao unakwenda kwa mwaka kwahiyo hata bumu, hela yake ya kujikimu, halina habari na masomo aliyoruka. Marekani mzazi anaipenda hii kitu kwasababu kule vyuo vingi vinalipisha kwa krediti, ukipunguza krediti umepunguza bili, ndio maana yule mtoto anakubali kujitesa. Kwetu ukimpa krediti bila kugusa ada umempa cheti cha pongezi.

Chuo ambacho tayari kinatoza kwa somo tunacho, ni Chuo Kikuu Huria, kipo tangu 1992, kinafundisha watu wakiwa makwao na kina kituo hapahapa Mwanza. Mi nawaona wateja wangu wanaosoma huko, nesi wa zamu, mwalimu wa msingi kutoka Magu, mfanyabiashara wa nguo, anakuja na flashi naprinti moduli zake anaondoka. Kama hao wanaweza kusoma somo moja moja kwa kadiri ya mfuko na muda, mtoto wa fomu siksi anashindwa nini?

Na muda upo, tena mwingi, sema tunauchezea. Fomu foo wanamaliza Novemba, fomu faivu inaanza Julai, hapo katikati wazazi tunamwaga hela kwenye pre-fomu faivu kwenye vyumba vya kukodi, mtoto anasoma kombi, yaani mchanganyo wa masomo ya advansi, ambao hata hajui kama ndio atakaopangiwa, na yote yale hayahesabiki popote. Fomu siksi wanamaliza Mei, matokeo Julai, wanaoitwa JKT wanaenda zao, waliobaki wanasubiri mpaka vyuo vifunguliwe Oktoba au Novemba. Ukienda Mwaloni pale Kirumba utawakuta kwenye dagaa, wengine wako kwenye bodaboda za watu, wengine wamelala tu na simu. Kazi sio dhambi, wanangu mwenyewe nawaweka kwenye mashine. Ila ndani ya miezi hiyo mtu angeweza kusoma mawasiliano na DS akafanya mtihani kwenye kituo na kuingia chuo akiwa ameshayaweka mfukoni. Utaratibu wa kuhamisha krediti kutoka chuo kimoja kwenda kingine TCU wanao, wanaotumia ni wale wanaohama vyuo, mi naomba tu uteremke chini ngazi moja.

Kuna watakaosema hii itawafaidisha watoto wa mjini wenye wifi, na hoja hiyo siipuuzi hata kidogo kwasababu mi mwenyewe asili yangu ni visiwa vya huku ziwani. Wa Sengerema angalau mwaka 2025 amepata daraja la Kigongo-Busisi hasubiri tena feri, lakini wa kisiwa cha Ukara bado anaangalia ziwa limeamkaje ndio ajue kama anasafiri, na zipo shule ambazo mwalimu wa hesabu ni wa kutafuta kwa tochi. Jibu langu ni kwamba tuanze na shule za bweni za serikali. Bwiru, Nsumba, Nganza zina watoto waliopangwa kutoka kila kona ya nchi, mtoto wa mvuvi yumo, mtoto wa mkulima wa pamba yumo, wote wako mji mmoja na SAUT, kile chuo kikuu cha Malimbe, wako mji mmoja na kile chuo cha afya cha Bugando, wako mji mmoja na chuo cha uvuvi cha Nyegezi, na wanamaliza miaka miwili bila kukanyaga geti la vyuo hivyo hata siku moja. Ada ya fomu faivu na siksi serikali ilishaiondoa, kwahiyo ada ya hayo masomo mawili ingebebwa na mfuko huohuo wa elimu, sio kuachiwa vituo vya tuisheni. Wale wakiinusa tu hii habari kesho utaona bango.

Tena msidhani naomba kitu kigeni. Sera ya elimu ya 2014 toleo la 2023 imeleta mkondo wa amali, mtoto anasoma sekondari huku anajifunza ufundi unaotambuliwa na NACTVET, baraza la elimu ya ufundi, yaani kusoma mara moja na kuhesabiwa sehemu mbili kwa anayeshika randa na spana tumeshakubali. Nashangaa huyu wa kombi za HGL na PCB, wa historia na wa sayansi, tunamwogopea nini.

Wasiwasi wangu mmoja mkubwa ni kuwaelemea, maana ratiba ya fomu siksi imejaa na mock zinawatoa macho, ndio maana nasema yawe masomo mawili tu na yafanyike kwenye ile miezi ya kusubiri, na mtoto akifeli matokeo yafutwe asije kuanza chuo ana sapu, mtihani wa marudio, kabla hajapata hata chumba. Wakuu wa vyuo nao wakae na TCU na bodi ya mikopo waseme ada itapungua kiasi gani kwa kila somo lililohesabiwa, waandike kwa shilingi. Wakishindwa kuandika hiyo shilingi basi bora wasianzishe kabisa, maana tutakuwa tumewaongezea watoto mtihani na wazazi risiti.

Mwenye steshenari,
Nyegezi, Mwanza