Kapsuli ishirini na moja

Mwanangu,

Nimezihesabu kapsuli zako za gabapentini, dawa yako ya kifafa na ya miguu kuwaka moto: 21. Kwa 3 kwa siku, hizo ni siku 7 tu, nawe unasema utanunua ukifika huko usafiriko. Umesoma kuliko sisi sote humu ndani, lakini hesabu hii imekushinda? Peleka karatasi ya daktari leo, upate za mwezi mzima.

Dawa hii haikatizwi ghafla. Hata miguu ikiacha kuwaka moto, hata miezi ikipita hujaanguka. Ukiukatia mwili dawa mara moja, kifafa huweza kurudi kwa nguvu, degedege likapokezana na degedege. Siku daktari atakapotaka uiache, atakushusha kidogo kidogo, kwa wiki nzima au zaidi. Yule aliyekuwa akikuambia dawa za muda mrefu zinamaliza mtu, upunguze mwenyewe, hakujua alisemalo. Unamjua. Usimfuate.

Meza asubuhi, mchana na usiku. Pengo kati ya dozi na dozi lisizidi saa 12. Ukisahau, meza ukikumbuka. Kama dozi nyingine imekaribia, iruke uliyoisahau, usimeze mbili kwa pamoja. Na kiungulia chako: dawa zenye alumini na magnesiamu huizuia gabapentini isiingie mwilini ipasavyo. Ukizitumia, ngoja saa 2 ndipo umeze kapsuli.

Mgongo ukiuma usiazime vidonge vya mtu. Kodeini, morfini au tramadoli juu ya gabapentini hupunguza pumzi, mtu akalala asiamke. Pombe pia. Tramadoli yenyewe huweza kuleta degedege. Mwambie unayelala naye chumbani: akikuona hupumui vizuri au huamshiki, aite msaada wa dharura hapo hapo.

Dawa hii hutoka kwa njia ya figo, kwa hiyo kipimo cha figo usikikwepe. Zikidhoofika, dozi hupunguzwa. Mawazo ya kujidhuru yakikujia, usinifiche, hata usiku wa manane.

Lile daftari unaloandika tarehe na saa ya kila anguko, endelea nalo. Najivunia sana daftari lile.

Blanketi la kijivu bado bichi, chukua la bluu. Ufunguo wa begi umo ndani ya soksi nyeusi. Dawa zikae kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye begi kubwa. Ukifika nipigie, unitajie zimebaki ngapi.

Mama