Jumamosi tuzibue mtaro kabla ya masika

Habari za jioni wanakikundi wa Kigogo. Jumamosi saa 12:30 asubuhi tukutane kwenye karavati. Wenye chepeo, reki na gambuti waje navyo, toroli tumeazimwa moja. Tope lisiachwe ukingoni, mvua ya kwanza tu linarudi mulemule. Litiwe kwenye viroba, lipakiwe kwenye gari siku hiyohiyo.

Kuna aliyeuliza humu mbona maji huingia ndani na huku kwetu ni manyunyu tu. Mto Msimbazi unaanzia vilima vya Pugu, Kisarawe. Ikinyesha huko usiku, sisi wa bondeni ndio tunaopokea. Mwenye ndugu Pugu amwombe atupigie simu mapema, hata saa 8 usiku.

Na hili nalisema bila kumung'unya: anayetapisha choo mvua ikinyesha anatuletea kipindupindu sote. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Juni 2019, sasa karavati limezibwa na chupa za maji na nepi. Nendeni mkaone wenyewe.

Mchango wa mafuta ya gari apewe mhazini kabla ya Ijumaa usiku. Asiyekuwa nacho aje na nguvu zake.