Barua ya wazi kwa Afisa Habari: bibi yangu hana baa la njaa

Ndugu Afisa Habari wa halmashauri yetu,

Mbukwenyi. Nakuandikia kwa heshima, ingawa hii ni barua ya tatu na mbili za kwanza hukuzijibu.

Wiki iliyopita ulitoa taarifa kwamba kijiji chetu hapa Chamwino "kimekumbwa na baa la njaa". Picha yake ni ya bibi yangu, kasimama kando ya ghala tupu. Ilipigwa Aprili. Wewe ni mtu wa Dodoma. Unajua Aprili uwele na mtama bado viko shambani, na ghala limebaki vumbi. Kweli mvua ilikatika mapema na mahindi yamekauka, lakini mtama umesimama. Huo unaitwa upungufu wa chakula.

Baa la njaa lina vipimo. Wataalamu hawalitangazi mpaka angalau kaya 20 katika kila 100 ziwe na ukosefu wa chakula uliokithiri, watoto zaidi ya 30 katika kila 100 wana utapiamlo mkali, na kila siku wanakufa watu 2 katika kila 10,000. Sisi Wagogo tunalo jina la njaa ya namna hiyo: Mtunya, ya 1917 hadi 1920. Bibi alisimuliwa na mama yake, na hadi leo halitamki ovyo.

Neno lako halikuishia Chamwino. Magazetini likawa "njaa Dodoma". Mwanangu anayesoma nje ya nchi amelikuta limekuwa "njaa Tanzania", na wenzake wanamuuliza kama nyumbani tunakula. Mnunuzi wa zabibu zangu za Agosti ameshusha bei, akisema mwenye njaa hachagui. Nina deni la dawa, nina deni la maji. Jina la ombaomba tumelibeba miaka mingi, nawe umetuongezea mzigo.

Nadhani ulitaka msaada uje haraka. Kama ni hivyo, ungeandika "mahindi yamekauka, tunaomba mbegu ya mtama". Ingetosha.

Kwenye mkutano wa kijiji uliahidi kwamba hutatoa picha ya mtu kabla ya kumsomea maneno yatakayokaa chini yake. Bibi alikuwapo, akakupigia makofi.

Lifute neno hilo, Ndugu. Toa taarifa nyingine ulifute. Na kama huwezi kulifuta, njoo nyumbani umsomee bibi kwa Kigogo, ukimtazama usoni.

Mkulima wa zabibu, Chamwino