Barua kwa Mwanaidi: bana uliyoniachia inaungua

Arusha, 14 Julai

Mpendwa rafiki yangu Mwanaidi,

Salamu nyingi zikufikie huko Ujerumani, zangu pamoja na za mama, za Zuhura na za jirani yetu Rama, ambaye utamsikia zaidi hapa chini kuliko yeye mwenyewe angependa. Sisi sote ni wazima, ila baridi ya mwezi huu imetukalia kooni. Najua nimekaa kimya tangu Novemba, na najua pia kwamba ulipopiga simu siku ya Idi nilikwambia nina mgeni. Sikuwa na mgeni. Niliogopa kwamba utaniuliza habari za bana, ile ya gesi na oksijeni uliyoniachia niyeyushie kioo cha shanga, nami sijazoea kukudanganya.

Sasa naiandika habari yenyewe: bana inapata moto kupita kiasi. Ilianza mwezi wa Machi, ambapo baada ya nusu saa ya kazi kitasa cha kufungulia oksijeni kilikuwa kinanilazimu nikishike kwa kitambaa. Kufika Mei, ule uso wa mbele wenye matundu ulikuwa ukiiva na kuwa mwekundu uliofifia, niliouona vizuri nilipozima taa ya chumba, na hata baada ya kufunga gesi chuma kiliendelea kulia tik, tik, kikipoa. Nilikumbuka ulivyokuwa ukisema kwamba bana yenye afya huwa vuguvugu tu kichwani, kwa sababu gesi inayopita ndani ndiyo inayoipoza, na moto wenyewe unatakiwa uanzie mbele ya uso, usiukalie.

Kwanza nilimlaumu mwenye gesi. Unajua mitungi yetu ina mchanganyiko wa propani na butani. Propani huchemka hata kwenye baridi ya nyuzi 42 chini ya sifuri, lakini butani huishia karibu na sifuri, kwa hiyo asubuhi za baridi, mtungi wa kilo 15 unapokaribia kwisha na kilichobaki kikawa butani zaidi, presha hushuka na moto hulegea. Maelezo hayo ni ya kweli, na nilijiona msomi kweli kweli nilipoyafikia. Nikanunua mtungi mpya kwa fedha iliyokuwa ya ada ya mdogo wangu, nikaufunga, nikawasha, na bana ikaiva vilevile.

Kilichonifumbua macho ni rangi. Nilikuwa na oda ya shanga 200 za kioo cha rangi ya feruzi kwa ajili ya harusi ya binti wa Mama Neema, na karibu nusu yake zilitoka na utando mwekundu mwekundu, mfano wa ini lililokaa nje. Mama Neema alizigeuza kiganjani, akaniuliza kwa upole kama siku hizi natumia mkaa. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba feruzi hubeba shaba ndani yake, na shaba ikinyimwa oksijeni ndani ya moto huurudia wekundu wake. Kwa hiyo nilikuwa nikiitazama gesi siku zote hizo, kumbe iliyopungua ni oksijeni.

Nikafungua mashine ya oksijeni, hii inayoichuja kutoka kwenye hewa, upande wa nyuma. Mwanaidi, ile sponji ya kuchujia hewa, uliyoniambia niifue kila Ijumaa na ukaniandikia kwenye karatasi ukaibandika ukutani (karatasi bado ipo), ilikuwa nyeupe kama andazi lililogaagaa kwenye unga. Nilikuwa nikichekecha kaolini, ule udongo mweupe wa kupaka zile nyaya za kuzungushia shanga palepale kando ya mashine, kwa miezi minane. Mashine ya lita 5 kwa dakika ilikuwa ikivuta pumzi kupitia blanketi. Na kama sponji ilikuwa hivyo, sitaki kuwaza mapafu yangu yalivyo. Sasa navaa barakoa, na udongo nauchekechea nje.

Hapo ndipo mambo yote yalipojipanga, na ndipo aibu yangu ilipo. Oksijeni ilipopungua, moto uligeuka wa njano na wa masizi. Mimi, badala ya kuuliza oksijeni imekwenda wapi, nilipunguza gesi mpaka vile vindimi vidogo vya buluu vikarudi. Juma lililofuata nikapunguza tena. Moto ukawa mdogo, dhaifu, umeulalia uso wa bana kama paka kwenye majivu, na gesi iliyotakiwa kukipoza kichwa haikuwepo. Masizi yakaziba matundu, matundu yaliyobaki yakabeba kazi ya yaliyozibwa, na kwa kuwa moto ulikuwa mfupi nami nikawa nausogelea, shanga ikiwa vidole viwili tu kutoka kwenye uso wa bana badala ya ule upana wa kiganja ulionizoesha, joto lake likirudi palepale. Na wakati wote huo, rafiki yangu, nilimtambia Zuhura kwamba nimegundua namna ya kubana matumizi ya gesi.

Nilifua sponji, nikaikausha, nikairudisha, nikafungua gesi kama zamani, na moto ukasimama wa buluu ukivuma. Feruzi zikatoka safi. Ila joto la kichwa lilipungua nusu tu. Nikazunguka meza nikitafuta, hadi nilipotambua kwamba yale matofali ya tanuri niliyoyapanga pande tatu za bana mwezi wa Mei, ili kuzuia upepo wa dirishani, nayo yalikuwa yakiirudishia joto, yakiwa yameizunguka kama jiko la ndizi. Nimeyaondoa. Dirisha sijalifunga, usiogope, nakumbuka habari ya hewa chafu isiyonuka, nimeihamisha meza.

Sasa nifike kwa Rama, ambako nimekuwa nikijizungusha tangu aya ya kwanza. Kabla sijaifikia sponji, nilimwomba aniangalizie bana, kwa kuwa yeye huchomelea milango ya chuma kwa gesi kila siku. Alikuja wakati niko msikitini. Nilimkuta ameshaanza kuzibua matundu kwa sindano ya kushonea magunia, akiizungusha kama anayetoboa mkanda, uso wa bana ukitazama juu ili uchafu wote uingie ndani vizuri. Kando yake kulikuwa na kopo la maji la kuipoza bana ingali moto, na chupa ya mafuta ya kupikia kwa ajili ya kitasa kilichokuwa kizito. Mafuta, Mwanaidi, kwenye njia ya oksijeni! Nilipiga kelele hadi mama akatoka jikoni. Mafuta hayakugusa chochote na maji hayakumwagwa, namshukuru Mungu, lakini tundu moja la upande wa kushoto limepanuka, na kindimi chake sasa hutoka kirefu na kuegemea wenzake. Mengine nimeyasafisha mwenyewe, bana ikiwa baridi na uso ukitazama chini, kwa waya mwembamba kuliko tundu, nikiuingiza na kuutoa wima bila kuzungusha.

Kuna jambo lingine. Nilipaka maji ya sabuni kwenye maungio yote, na mapovu yakajitokeza kwenye shina la kitasa cha gesi; bila shaka ule mpira wa duara wa ndani umekauka kwa joto. Tangu juzi sijaiwasha. Oda ya Mama Neema imebakiza shanga 60, harusi ni mwishoni mwa Agosti, nami nimemwambia kwamba kioo kimechelewa. Ndiyo, najua.

Naomba basi, kama uwezo upo, uninunulie mipira hiyo ya vitasa, miwili ya gesi na miwili ya oksijeni, pamoja na nyaya za kusafishia za kipimo halisi cha matundu, umpe kaka yake Zuhura anayerudi mwezi ujao. Nitakulipa, na safari hii si maneno ya mdomoni.

Je, uso ukishageuka rangi kuwa wa buluu na zambarau, chuma hicho bado ni salama? Lile tundu lililopanuka linatengenezeka, au niishi nalo? Ulifika Lauscha kama ulivyokusudia, huko wanakofanya kazi ya kioo tangu 1597, na mafundi wao huweka umbali gani kati ya mkono na bana? Baridi ya huko umeizoea? Na umenikasirikia?

Tafadhali nijibu kwa maandishi kwanza. Simu tutapigiana baadaye.

Ni mimi rafiki yako,
Saumu